Lita Zinazolala: Niliyoyaona Kwenye Pampu Mafuta Yalipoadimika

Mtu akishajua kwamba niliwahi kufanya kazi kwenye kituo cha mafuta, hachelewi kuniuliza lile swali. Huliuliza kwa sauti ya mtu anayetafuta ruhusa: mafuta yakiadimika, ukijaza tangi na kuongeza madumu mawili ya akiba, huko ni kununua kwa hofu au ni kujiandaa tu kama mtu mzima? Mara nyingi anayeuliza ameshanunua. Madumu yako stoo, na anachotaka ni mtu wa kumwambia kwamba wenye hofu ni wale wengine.

Nilikaa kwenye pampu miaka kadhaa, mwanzo nikiwa mhudumu, baadaye msimamizi wa zamu, na mafuta yaliadimika zaidi ya mara moja nikiwa pale. Jambo lililonishangaza ni kwamba watu wengi wa kwenye foleni hawakuwa na hofu yoyote. Wapo waliopayuka, wapo waliochomekea magari, na kuna asubuhi ilibidi niingie kati ya wanaume wawili waliokuwa wameshikana mashati. Lakini hao walikuwa wachache. Waliobaki walikuwa wametulia ndani ya magari yao, redio inaongea, hesabu zao wameshazipiga. Ukimsikiliza mmoja mmoja, hoja yake ina kichwa na miguu: kesho sijui kama yatakuwepo, leo yapo, najaza. Mtu huyo utamwita mwoga kwa lipi?

Ndiyo maana nimeacha kuwapima watu kwa hofu. Hofu haionekani kwenye mita ya pampu. Kinachoonekana ni lita, na lita zina hesabu yake.

Chukua mji wenye magari elfu moja tu, kila gari na tangi la lita 50. Siku za kawaida watu hawajazi kwa pamoja: huyu yuko robo, yule yuko robo tatu, mwingine taa imeshawaka tangu jana na bado anaikaidi. Tuseme kwa wastani kila tangi liko nusu. Sasa redio itangaze kwamba huenda mafuta yakapungua. Hakuna aliyeongeza safari hata moja, hakuna aliyenunua dumu. Kila mtu ameamua tu kwamba safari hii atatembea na tangi lililojaa. Hizo ni lita 25 kwa kila gari, lita 25,000 kwa mji mzima, zote juu ya matumizi ya kawaida, na zote zinatakiwa ndani ya siku moja au mbili. Lori kubwa la mafuta hubeba kati ya lita 30,000 na 40,000. Kwa hiyo mzigo unaokaribia lori zima umehama kutoka chini ya kituo na kuingia kwenye magari yaliyoegeshwa, na hakuna aliyesafiri zaidi ya alivyokuwa akisafiri.

Lita hizo mimi naziita lita zinazolala. Hazijapotea, hazijachomwa, hazijasafirisha mtu. Zimebadilisha mahali pa kulala, na huko zilikohamia hakuna mwingine anayeweza kuzifikia.

Kwenye kituo, tofauti hii unaiona kwa macho. Tulikuwa na dereva wa teksi aliyekuja kila alfajiri. Anajaza, anaondoka, jioni tangi limebaki tone. Wakati wa uhaba alikuwa akijaza vilevile kama siku zote, na watu wa nyuma yake walimnung'unikia kwa kuchukua lita nyingi. Nyuma yake siku moja alikuwapo mzee mmoja mstaarabu sana, mstaafu, gari lake safi kama limetoka kiwandani. Mzee huyo kwa kawaida tulimwona mara moja kwa mwezi. Katika juma lile la uhaba alikuja kila palipokuwa na mafuta, na kila alipokuja aliongeza kidogo tu, lita tano, lita saba. Hakuna aliyemnung'unikia, kwa sababu alichukua kidogo na alisalimia kila mtu. Lakini lita za dereva wa teksi zilikuwa zimeshachomwa kabla lori jingine halijafika. Za mzee zilikaa uwani kwake mwezi mzima.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "mimi si mroho. Naongeza tu kidogo nisije nikaumbuka."

Nilimjibu, "Shikamoo mzee, karibu," nikamwekea lita zake. Mhudumu hana mamlaka ya kumhoji mteja anakokwenda, na kusema kweli nisingependa awe nayo.

Hizo lita tano-tano zilitugharimu kuliko watu wanavyodhani. Pampu nzuri inaweza kutoa hadi lita 40 kwa dakika, kwa hiyo lita saba ni suala la sekunde kumi na kitu. Muda unaliwa na mengine: gari kusogea, dereva kutafuta pa kufungulia kifuniko, kulipa, chenji, kuuliza kama lori linakuja lini, kuwasha gari, kumsubiri wa mbele naye asogee. Anayeweka lita saba na anayeweka lita arobaini wanakaa kwenye pampu muda unaokaribiana sana. Foleni ikijaa watu wa lita saba, inarefuka hadi barabarani, na anayepita akiiona anajiunga. Foleni yenyewe ndiyo tangazo kubwa kuliko lolote la redio.

Marekani waliligundua hili mwaka 1979. Mapinduzi ya Iran yalipoyumbisha soko, baadhi ya majimbo yaliweka zamu kwa namba za magari, witiri siku hii, shufwa siku ile. Hilo linajulikana sana. Lisilosimuliwa mara nyingi ni kwamba kuna majimbo yaliyoweka pia kiwango cha chini cha kununua: usipoweza kuweka mafuta ya thamani fulani, usije. Kwa mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye pampu, sheria hiyo ni kichekesho. Mafuta hayapo, halafu unawalazimisha watu wanunue mengi? Lakini mimi nilipoisoma niliielewa mara moja. Ilikuwa inamwondoa mzee wangu mstaarabu kwenye foleni. Kinyume chake, Uingereza mwaka 2021 kampuni moja yenye vituo vingi iliweka kikomo cha juu cha pauni 30 kwa mteja. Kikomo kinaonekana cha haki, na pale mafuta yanapokuwa hayapo kweli ni cha haki, lakini kina tabia ya kumrudisha mtu yuleyule kwenye foleni keshokutwa.

Tukiwa kwenye 1979: uzalishaji wa mafuta duniani ulipungua kwa takriban asilimia 4. Bei ya mafuta ghafi ilipanda zaidi ya maradufu ndani ya miezi 12. Sehemu ya sababu ni kwamba kampuni na nchi nazo zilikimbilia sokoni kujaza maghala, kila mmoja akihofia kesho. Wale hawakuwa watu wa madumu. Walikuwa na wachumi, na wanasheria wa kusoma mikataba. Nalikumbuka hili kila ninaposikia kwamba kununua kwa hofu ni tabia ya watu wasio na elimu.

Sasa, hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo kwenye mazungumzo ya watu huchanganywa kila siku. Kuna uhaba wa mafuta kutofika, na kuna uhaba wa mafuta kutokuwepo.

Ule wa kwanza, mafuta yapo bohari, yapo bandarini, yapo kiwandani. Kimekatika kiungo kimoja katikati. Mwezi Mei 2021 bomba la Colonial huko Marekani, lenye urefu wa kilomita zipatazo 8,850 na linalobeba takriban asilimia 45 ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya nchi hiyo, lilisimamishwa baada ya kampuni kushambuliwa na wahalifu wa mtandaoni. Lilisimama tarehe 7, likaanza kufunguliwa tena tarehe 12. Katika siku hizo chache maelfu ya vituo yaliishiwa. Na vituo viliishiwa hata Florida, jimbo ambalo mafuta yake mengi hayapiti kwenye bomba hilo bali huja kwa meli. Watu wa Florida waliona foleni za majirani kwenye televisheni, wakatengeneza za kwao.

Uingereza, mwezi Machi 2012, jambo lilikwenda mbali zaidi. Madereva wa malori ya mafuta walitishia mgomo. Waziri mmoja, Francis Maude, akashauri watu waweke dumu la mafuta gereji kama tahadhari. Vituo vikavamiwa. Mgomo haukuwahi kufanyika. Watu walipanga foleni kwa ajili ya tukio ambalo halikutokea, na ushauri wa kuweka akiba ndio uliochangia kumaliza mafuta. Tarehe za mwisho za Septemba 2021 hali ilijirudia huko huko: walipungua madereva wa malori, si mafuta, ila taarifa kwamba vituo vichache vimefungwa ilitosha kuwamwaga watu barabarani, na kufikia tarehe 4 Oktoba wanajeshi walikuwa wanaendesha malori ya mafuta.

Katika uhaba wa namna hii, anayejaza akiba ndiye uhaba wenyewe. Sisemi hivyo kwa kumlaani. Nasema mafuta yangetosha, na hayakutosha kwa sababu yamehamia kwake. Kuna nafuu moja tu: matangi ya magari yana mwisho. Yakishajaa yote, foleni inakatika yenyewe hata kama hakuna aliyetatua chochote.

Ule wa pili ni mwingine kabisa. Sri Lanka mwaka 2022 ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni. Meli hazingeshusha mafuta bila kulipwa. Mwishoni mwa Juni serikali ilisimamisha uuzaji wa mafuta kwa karibu kila mtu isipokuwa huduma muhimu. Mwezi uliofuata wakaanza mgao wa msimbo wa QR kwa simu: mwanzoni pikipiki lita 4 kwa wiki, gari dogo lita 20. Hapo huwezi kumwambia mtu "tulia, lori linakuja", kwa sababu lori haliji. Mtu aliyejaza dumu mapema Sri Lanka hakuwa amekosea kusoma hali; alikuwa ameisoma vizuri kuliko jirani yake. Lakini hata huko dumu lake halikuleta tone moja nchini. Mgao ndio uliofupisha foleni, kwa sababu ulimpa kila mtu uhakika wa lita zake bila kulazimika kushindana.

Katikati ya hizo mbili kuna uhaba wa tatu ambao wafanyakazi wa vituo tunaufahamu na hatuupendi: uhaba wa kusubiriana kifedha. Kenya, Aprili 2022, wauzaji wa mafuta walikuwa wakiidai serikali fedha za ruzuku, mafuta yakapungua sokoni, na magari yakajipanga vituoni. Na mahali ambapo bei hutangazwa kwa tarehe maalumu, kila tarehe ikikaribia na tetesi za kupanda zikisambaa, mnunuzi anataka kujaza kabla ya kupanda, na muuzaji naye anatamani kuuza baada ya kupanda. Wapo wenye vituo wanaofunga pampu usiku huo na kudai wameishiwa. Wanahodhi, hakuna jina jingine, na hawana kisingizio cha hofu.

Ila niwatetee wenzangu kidogo. Si kila kituo kinachosema kimeishiwa kinadanganya. Bomba linalovuta mafuta halifiki hadi sakafu ya tangi la chini ya ardhi, na huko chini ndiko maji na takataka zinakojikusanya. Unaposhusha kijiti cha kupimia kikatoka na alama ya mafuta, haina maana kwamba mafuta hayo yanauzika. Nimeshaitwa mwizi na watu walioona kijiti kimelowa. Ningewapa yale ya chini, wangerudi kesho na gari linalokwamakwama, na safari hii wangekuwa na haki ya kunitukana.

Na lipo jambo jingine la haki: wale wanaohitaji akiba kweli. Alikuwa akija muuguzi wa zahanati moja, ana dumu la chuma na daftari. Kwenye daftari ameandika saa ambazo jenereta ya jokofu la chanjo ilifanya kazi, na lita zilizotumika. Umeme ulikuwa unakatika ovyo, kwa hiyo alitaka ya siku kadhaa mbele. Foleni ilimpigia kelele. Alivyosimama pale na dumu, alifanana na mlanguzi, na tulikuwa na walanguzi wengi: vijana waliojaza madumu na kwenda kuuza pembeni ya barabara kwa bei ya kuumiza. Nilimhudumia kwanza. Msimamizi mwenzangu alisema nimependelea. Nilimwonyesha daftari. Yule muuguzi hakuwa akiotea. Alijua mafuta yake yatachomwa saa ngapi na kwa kazi gani.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ambacho nakitumia hadi leo. Simuulizi mtu anaogopa au haogopi, wala simhesabii madumu. Namuuliza: lita hizi zitachomwa kabla ya lori lijalo, au zitalala? Zikichomwa, wewe ni mteja. Zikilala, umechukua za mtu ambaye zake zingechomwa leo.

Na mtu huyo ana sura. Wanaonunua lita mbili mbili, kwa sababu kipato chao ni cha siku, hawawezi kuweka akiba hata wakitaka. Fedha ya kujaza tangi hawana. Wao huja jioni, wameshapata cha siku hiyo, na jioni ndiyo mafuta yameisha kwa sababu wenye fedha walikuja asubuhi. Katika foleni zote nilizozisimamia, sijaona uhaba uliogawanyika sawasawa. Kila mara unateremka hadi kwa asiye na uwezo wa kununua mapema. Hii ndiyo sehemu inayonikera mtu anaposema "kila mtu angefanya hivyo kama ana busara". Wengine hawana uwezo wa kuwa na busara hiyo.

Shemeji yangu tuliwahi kuzozana juu ya jambo hili. Alinipigia simu usiku, kituo kimefungwa, akasema atapita nyuma na madumu mawili.

"Shemeji, gari lako linakula kiasi gani kwa wiki?"

"Ishirini. Labda na kidogo."

"Na sasa hivi tangini una ngapi?"

"Nimejaza juzi. Limejaa."

"Basi una zaidi ya wiki mbili. Hayo madumu ni ya wiki ya tatu na kuendelea. Unadhani lori halitakuja wiki zote hizo?"

Akanyamaza, halafu akauliza swali ambalo ni la haki kabisa: "Na lisipokuja?"

"Lisipokuja wiki tano, shemeji, huko kazini unakokwenda na gari hutamkuta mtu."

Alicheka, lakini hakufurahi. Na sikumpa. Baadaye nilisikia aliyapata kwingine.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni mahali alipoyaweka. Watu wanaogopa kuishiwa mafuta kuliko wanavyoyaogopa mafuta yenyewe, na hilo ni kinyume cha mambo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri; dizeli mpaka ipashwe moto kupita nyuzi 50. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi na kupotea. Unatambaa sakafuni, unaingia chini ya mlango, unakwenda kutafuta jiko. Wakati ule wa Machi 2012 nilioutaja, mwanamke mmoja wa York aliungua vibaya akiwa jikoni kwake, anahamisha petroli kutoka chombo kimoja hadi kingine huku jiko la gesi linawaka. Na Mei 2021, Marekani, tume ya usalama wa bidhaa ililazimika kuwatangazia watu wazima kwamba wasijaze petroli kwenye mifuko ya plastiki.

Sisi pale kituoni tulikataa kujaza chupa za maji na ndoo, na tulitukanwa kwa hilo pia. Zipo plastiki ambazo petroli huzilegeza. Hata dumu la kweli halijazwi likiwa ndani ya buti. Linashushwa chini, ardhini, ili umeme tuli usije ukaruka cheche wakati wa kumimina, na linaachwa nafasi kidogo juu kwa sababu mafuta hutanuka kwa joto. Sheria za nchi hutofautiana. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu hadi lita 30 za petroli nyumbani bila kutoa taarifa, kwa dumu la plastiki lisilozidi lita 10 au la chuma lisilozidi 20. Ni kiasi cha kukufikisha mahali, hakitoshi kugeuza nyumba kuwa kituo.

Halafu mafuta huzeeka. Petroli ikikaa miezi mitatu hadi sita kwenye dumu huanza kupoteza zile sehemu nyepesi zinazosaidia injini kuwaka, na ile iliyochanganywa ethanoli hunyonya unyevu wa hewani. Dizeli huvumilia zaidi, ila maji yakiingia chini yake vijidudu huzaliana pale maji na mafuta yanapokutana na kuziba chujio. Kwa hiyo anayeweka akiba "ya kudumu" bila kuizungusha anajiwekea tatizo la fundi.

Je, nakataa akiba? Hapana. Nchi zenyewe huweka. Shirika la Kimataifa la Nishati liliundwa mwaka 1974 kutokana na mshtuko wa vikwazo vya mafuta vya 1973, na wanachama wake hutakiwa kuwa na akiba inayolingana na angalau siku 90 za mafuta wanayoagiza. Lakini tazama wanavyoitumia. Wanajaza mafuta yakiwa tele. Yakipungua, wanaachia: mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko, walikubaliana kutoa zaidi ya mapipa milioni 180 kutoka maghalani. Akiba yao hutoka wakati foleni zinaingia. Ya shemeji inaingia wakati uleule ambao ingepaswa kutoka.

Tabia yangu mwenyewe ni nyepesi. Mafuta yakiwa tele, sishuki chini ya nusu tangi; nikifika nusu najaza, hata kama hakuna habari yoyote mbaya. Hakuna anayeumia, kituo kina mzigo na lori lipo njiani. Uhaba ukitangazwa, siendi. Nina nusu, na nusu yangu inanivusha siku nyingi nikiunganisha safari na kupunguza zile za kuzurura. Nikifikia kweli mahali pa kuhitaji, naingia kwenye foleni kama wengine na najaza, bila kuona haya. Mtu ambaye taa imewaka na ana safari ya kumpeleka mgonjwa, kumwambia "usinunue kwa hofu" ni kejeli.

Wanaoweka madumu huwa hawaoni kinachofuata kwenye kituo uhaba unapoisha, kwa hiyo nakisimulia. Kwa siku nyingi tunapiga simu bohari tukibembeleza, na bohari wanatuambia tusubiri zamu yetu. Kisha malori yanakuja, moja, jingine, na jingine tena kwa sababu oda zetu zote za dharura zimejibiwa kwa mpigo. Foleni inakuwepo siku ya kwanza, inapungua ya pili. Baada ya hapo hakuna mtu. Magari yote yamejaa, madumu yamejaa, na wenye madumu wameanza kuyamimina garini taratibu kwa sababu harufu imewashinda nyumbani. Mauzo yanashuka chini ya siku za kawaida. Lori linafika, dereva anashuka na karatasi zake, napima tangi na kumwambia hakuna nafasi ya kushusha mzigo wote. Anaegesha pembeni na kusubiri tuuze. Meneja anapiga simu bohari ileile tuliyokuwa tukiibembeleza, safari hii akiomba wapunguze oda yetu.